Sheria Haikumtaja Maiti

Maji yalichemshwa mara mbili, kwa sababu ya kwanza yalipoa wakati wanawake wakitafuta mkasi. Filina alikuwa ameitwa nyumbani kwa Hegesandro asubuhi, akiwa ameketi mlangoni kwake anachambua dengu, na alifika na punje moja ya dengu imenasa kwenye upindo wa nguo. Marehemu alikuwa Melino, mke wa Hegesandro, miaka kumi na tisa. Mama yake, Arkhipe, alimwosha nywele na mikono. Filina aliosha uso, akashuka shingoni, akasita, akakamua kitambaa, akaendelea.

Upande wa kushoto wa shingo palikuwa na alama nne. Upande wa kulia palikuwa na moja, nene na fupi kuliko zile nne.

"Aliteleza ngazini," alisema Nikareta, mama yake Hegesandro. Alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo, ufunguo wa ghala mkononi. "Nilisema siku nyingi ile ngazi ni mbovu."

"Ngazi ina vidole?" Arkhipe aliuliza. Hakuinua macho.

"Mama Melino, msiba umekuchanganya."

"Nimeuliza tu."

Wakampaka mafuta ya zeituni, wakamfunga kidevu kwa kitambaa ili kinywa kisifunguke, wakamvika. Arkhipe alipokuwa akimwaga maji machafu uani alimwambia Filina kwa sauti ya chini, "Kesho utasema."

"Kesho nitasema," alijibu Filina.

Kusema ndiko kulikokuwa kazi yake. Filina alikuwa mwombolezaji wa kukodiwa, kama mama yake kabla yake, na katika mji wa Astripe hapakuwa na mwingine aliyeyajua maneno yote sita na mpangilio wake. Lilitangulia feu, ambalo ni pumzi tu, inayomtoka mtu aliyekwisha kuona asichotaka kuona. Halafu aiai, la kumlilia mwenzako, na oimoi, la kujililia mwenyewe. Wajinga huyachanganya hayo mawili. Iu lilitupwa mbali, kama mtu anavyomwita mtu ng'ambo ya bonde. Popoi lilikuwa la kuwauliza miungu walikuwa wapi. La mwisho ni otototoi, ambalo halina maana yoyote, na liliwekwa mwisho kwa sababu hapo maana zote huwa zimekwisha kutumika.

Katikati ya maneno hayo ndipo habari iliposemwa: marehemu alikuwa nani, nani alimpenda, alikufaje na kwa mkono wa nani. Wanaume wa Astripe hawakuwa na desturi ya kuwasikiliza wanawake, lakini siku ya maombolezo walisimama uani, mkono wa kulia juu, wakasikiliza hadi mwisho. Miaka miwili nyuma, alipokufa mchonga mawe mmoja, Filina alilitia kati ya iu na popoi jina la msimamizi aliyemtuma chini ya mwamba uliokwisha kupasuka. Kufikia jioni msimamizi yule alikuwa amehamia kwa wakwe zake mji mwingine, na hakurudi. Kila mtu aliikumbuka siku ile. Hegesandro, mjumbe wa baraza, aliikumbuka pia.

Baraza la Astripe lilikuwa limejadili mfereji wa sokoni kwa miaka mitatu bila kufikia uamuzi. Sheria ya kukataza vilio ilipita kwa asubuhi moja, ileile ya kuoshwa Melino. Hegesandro mwenyewe hakusimama kusema, kwani alikuwa mfiwa. Alisema binamu yake, akaeleza kwamba vilio vinawadhoofisha wanawake, vinawatia hofu mbuzi wenye mimba, na si vya watu waliostaarabika. Mikono ikainuliwa. Saa nne, mpiga mbiu, Dromoni, akapanda juu ya jiwe la soko na ubao wa sheria mkononi.

"Mwanamke yeyote atakayekuja msibani," alisoma, "awe ndugu au wa kukodiwa, asijipige kifua, asijikwaruze mashavu, wala asitamke maneno yafuatayo. Feu."

Wachuuzi wakaacha kupima.

"Aiai," alisoma Dromoni. "Oimoi."

Dromoni alikuwa na sauti nzuri kuliko watu wote mjini. Ndiyo sababu alipewa kazi ile. Tena mama yake mzazi alikuwa amezikwa mwaka uliopita. Alipofika kwenye iu sauti ilimponyoka ikaenda hadi upande wa wauza samaki, na mwanamke mmoja kule akaweka kisu chini. Kwenye popoi walikuwa wanalia watu kumi. Otototoi aliisoma macho yamefumba, silabi zote, na alipomaliza hapakuwa na mtu sokoni ambaye shavu lake lilikuwa kavu, isipokuwa binamu yake Hegesandro.

Kwa desturi kila sheria mpya husomwa mara tatu. Dromoni akaisoma mara tatu.

"Soma na ya nne, kaka," alisema yule mwanamke muuza samaki. "Huku nyuma hatujasikia vizuri."

"Adhabu ni kufukuzwa mjini," Dromoni alisema, akajifuta pua, akashuka.

Arkhipe alikwenda kwa Filina mchana uleule. Alikuta dengu ziko jikoni, hazijachambuliwa kumaliza.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Wewe huwezi kuja?"

"Nikija nikinyamaza, nitakuja kufanya nini? Na nikisema, Mama Melino, nitakwenda wapi? Nina miaka sitini na miwili. Nina ndugu mmoja, na huyo amelala makaburini."

"Basi nifundishe mimi. Nitasema mimi."

"Na mumeo? Anakamulia zeituni kwenye kinu cha nani?"

Arkhipe alikaa chini sakafuni. Kinu kilikuwa cha Hegesandro, na mumewe, Lisania, alikuwa amekwisha kumwambia maneno hayohayo, kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akasema, "Melino alikuwa anacheza hapa nyuma ya nyumba yako. Anazika wanasesere wa udongo, anawaombolezea."

"Namkumbuka. Otototoi yake ilikuwa inapungua silabi moja kila mara. Nilimrekebisha nikachoka."

"Kwa nini ulimfundisha mtoto mambo yale?"

"Alikuwa anayapenda," alisema Filina.

Kesho yake Melino alilazwa kitandani uani kwa mumewe, miguu imeelekea mlangoni, mtungi wa maji ya kutawadha ukiwa nje kizingitini. Wanawake wa ukoo walisimama kichwani, wanaume miguuni. Baraza lilikuwa limemtuma askari, jina lake Fano, kijana mpole mwenye ubao na kalamu, aandike kila neno litakalotamkwa. Filina alisimama ng'ambo ya njia pamoja na majirani, mdomo umefungwa. Arkhipe alifungua kinywa mara moja, akamtazama mumewe, akakifunga.

Ilifika saa ambayo Filina angeanza. Kimya kikakaa pale uani kama mgeni asiyejua aage saa ngapi. Hapo Melino akaketi.

Akafungua kitambaa cha kidevuni, akakikunja mara nne, akakiweka gotini. Akasema feu.

Nikareta alimwambia mjakazi aondoe chupa za mafuta zisije zikapigwa teke.

Melino alifuata mpangilio kama alivyofundishwa. Alitoa aiai kwa ajili ya mama yake, ambaye alikuwa hai na alihitaji kuliliwa. Alipofika kwenye oimoi, Filina kule nje alitikisa kichwa polepole. Kwa miaka arobaini alikuwa akilitamka neno lile kwa niaba ya watu, na sasa alilisikia likitamkwa na mwenyewe. Kisha Melino akaeleza. Hegesandro alirudi kutoka kwenye karamu ya mvinyo, akauliza kwa nini mkate umepoa. Melino akajibu kwamba umepoa kwa kumngoja. Hegesandro akamshika shingo kwa mkono wa kulia. Mama mkwe alikuwa juu ya ngazi ameshika taa, na alipoona mwanawe anapapasa gizani, alishuka ngazi mbili ili mwanga ufike.

"Ngazi ni nzima," Melino alisema. "Nimeipanda mwaka mzima na mtungi kichwani." Kisha akatupa iu, likavuka ukuta, na mbwa wa mtaa wa pili wakajibu.

Fano aliinua kalamu. "Samahani, dada. Maneno hayo yamekatazwa."

"Kwa nani?"

Fano akasoma nakala ya sheria kwenye ubao wake. "'Mwanamke yeyote atakayekuja msibani.'"

"Mimi sikuja msibani," alisema Melino. "Mimi ndiye msiba."

Fano alifikiri. Alikuwa mtu mwangalifu, aliyependa kazi yake. Akaiandika hoja ile, akapiga mstari chini yake, akasema, "Nitaipeleka. Lakini kwa sasa punguza sauti kidogo, kuna watoto."

Baraza lilikutana siku hiyohiyo, na Melino akaletwa, mama yake amemshika mkono kwa sababu magoti yalikuwa yameanza kukakamaa. Suala la kuomboleza halikuchukua muda. Ilikubaliwa kwamba sheria haikumtaja maiti, na kwamba maiti kujililia si jambo litakaloenea sana. Suala gumu lilikuwa yale aliyoyasema. Mwenyekiti, mzee mwenye kikohozi, alikumbusha kwamba mwanamke hatoi ushahidi mbele ya baraza. Anayemsemea ni mlezi wake kisheria. Mlezi wa mwanamke aliyeolewa ni mumewe. Akamwomba Hegesandro amsemee marehemu.

Hegesandro akasimama. Alikuwa amenyoa nywele kwa ajili ya msiba na macho yalikuwa mekundu. "Mke wangu anasema aliteleza ngazini," alisema.

"Sikusema hivyo," alisema Melino.

"Marehemu asikatize maneno yake mwenyewe," alisema mwenyekiti.

"Wote mnaona shingo yangu."

"Baraza limeona shingo," mwenyekiti alisema, akamgeukia Hegesandro. "Marehemu anaielezaje shingo?"

"Anasema ni ngazi."

Ikaandikwa hivyo. Arkhipe alifungua kinywa, na binamu yake Hegesandro akamuuliza Lisania kama mkewe anajisikia vibaya. Lisania akasema ndiyo, anajisikia vibaya. Hilo nalo likaandikwa. Mwenyekiti alimshukuru Melino kwa kuja, akakohoa, akafunga kikao.

Melino alizikwa alfajiri, kabla jua halijatoka. Walimuuliza kama atatembea. Akasema amechoka, wambebe. Aliposhushwa alimwambia mama yake, "Nenda ukalale, Mama. Hujalala tangu juzi." Udongo ukarudishwa.

Siku ya tatu, wakati watu wanapeleka vyakula kaburini, Melino alionekana ameketi kwenye kizingiti cha Hegesandro, udongo nyweleni. Aliomboleza kutoka mwanzo hadi mwisho, jina la Hegesandro mahali pake, na la Nikareta likifuata. Siku ya tisa alirudi. Siku ya thelathini alirudi, na baada ya hapo akawa hapungui siku hata moja. Alianza jua likiegemea upande wa machweo na kumaliza kabla taa hazijawashwa.

Mwanzoni Hegesandro alipita mlango wa nyuma, lakini mlango wa nyuma ulitokea kwenye zizi, na alikuwa mtu wa kuvaa nguo nyeupe. Kufikia majira ya zabibu alikuwa amezoea kuinua mguu na kumruka. Wageni wake nao walizoea. Wengine walisema "samahani" wakiruka. Nikareta alimtandikia mkeka, si kwa huruma, bali kwa kuwa jiwe la kizingiti lilikuwa linaingia udongo.

Arkhipe alikuja kila siku na kitana. Aliketi nyuma yake na kumchana nywele, udongo ukidondoka kidogokidogo, na kila siku ulikuwepo mwingine.

"Unaumwa?"

"Shingo tu, ikipiga baridi."

Arkhipe akamletea shali. Alijaribu pia kumwuliza kuhusu kule aliko, na Melino akasema hakuna cha kueleza. Ni kama ghala ambalo limekwisha kuhamishwa vitu. Hawakuzungumzia tena jambo lile.

Watu waliendelea kufa mjini kama kawaida. Alikufa mjukuu wa muuza samaki kwa homa, akazikwa kimyakimya, alfajiri. Jioni yake muuza samaki alikuja na mikono yake ya magamba, akainama mbele ya kizingiti.

"Mwanangu, nasikia wewe unaruhusiwa."

"Naruhusiwa."

"Yule mtoto alikuwa anaitwa Thrasi. Alikuwa anaogopa kaa. Yaani mjukuu wa muuza samaki, anaogopa kaa, ebu fikiria." Akacheka, halafu hakucheka tena. "Huwezi kumwingiza kwenye kilio chako?"

Melino akamwingiza Thrasi, akataja hata kaa. Kesho yake walikuja wanawake wawili, na keshokutwa sita. Waliketi njiani vinywa vimefungwa, kila mmoja akamnong'oneza jina lake na sababu yake, na Melino akayatoa yote kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Baraza liliulizwa, likaona hakuna ubaya. Kilio kilikuwa kimekusanywa sehemu moja, kwa muda unaojulikana, na mbuzi walikuwa wametulia. Na wanawake walipokuwa wakinong'ona yaliyowapata, Melino akiyasema kwa sauti, wanaume waliopita walipita. Hakuna tena aliyesimama na mkono juu. Desturi ile ilikuwa ya misiba, na huu haukuwa msiba, ulikuwa mlango wa mtu.

Filina alikuwa sasa anasokota sufu za watu ili ale. Alikaa miezi minne bila kuukaribia mlango ule. Siku aliyokwenda alisimama pembeni mpaka mwisho, kisha akasogea.

"Bado inapungua silabi," alisema.

"Ipi?"

"Otototoi. Unaikata mwishoni. Unaogopa pumzi itakwisha?"

"Bibi, mimi sina pumzi."

"Basi huna kisingizio. Rudia."

Melino akarudia. Filina akamrekebisha, na tena, na mara ya tano ikatoka nzima, na wote wawili wakaisikiliza ikiondoka. Filina akaketi kwenye ncha ya mkeka, akashika kichwa.

"Ningekuja siku ile," alisema. "Ilikuwa kazi yangu. Wewe umelala pale, nami niko ng'ambo ya njia nimebana midomo kama mtu aliyeiba."

"Wangekufukuza."

"Wangenifukuza, ndiyo. Ningekuwa nimesema."

Melino hakumwambia kwamba si kitu. Alimsogezea shali, ingawa aliyehisi baridi alikuwa yeye, na Filina akaishika ncha yake. Kuanzia hapo alikuja kila siku, na watu waliokuja na majina aliwapanga yeye.

Katikati ya baridi, mwezi ambao watu huoana, Hegesandro alioa. Hakuna aliyemkatalia, baba watatu walikuwa wameleta habari za binti zao. Aliyechaguliwa alitoka kijiji cha ng'ambo ya mto, miaka kumi na mitano, jina lake Eufro. Aliletwa jioni kwa gari la nyumbu, mienge mbele na filimbi nyuma, tunda mkononi, na binamu yake Hegesandro akiwa mshenga. Gari likasimama. Eufro akashushwa, na kama ilivyo desturi ekseli ya gari, mti unaobeba magurudumu, ikang'olewa na kuchomwa moto palepale mbele ya mlango, bibi harusi ajue kwamba gari la kumrudisha halipo.

Melino alikuwa kizingitini. Alikuwa ameomba siku ile aachwe peke yake, na wanawake wenye majina walikuwa wameambiwa waje kesho.

Eufro aliinua shela kidogo. "Dada, habari za hapa," alisema. "Kwa nini umekaa kwenye baridi?"

Melino alimweleza. Hakutumia neno lolote kati ya yale sita. Alisema tu, kama mtu anayemwonyesha mgeni kisima kilipo. Mkate, mkono wa kulia, taa, ngazi mbili. Filimbi zilikuwa zimenyamaza kwa adabu. Eufro alisikiliza hadi mwisho. Akaitazama ile shingo, akamtazama Hegesandro aliyesimama ndani na mshumaa, akageuka kumtazama baba yake.

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu. Nilisikia hata siku tulipokuja kuposa." Alikuwa mtu mzee, mwenye viatu vya kuazima. "Haya, inua mguu vizuri. Kukanyaga kizingiti kunaleta mkosi."

Eufro hakuinua. Alisimama, tunda likiwa mkononi, na nyuma yake ekseli ilipasuka motoni ikatoa cheche. Watu walingoja. Nikareta akatokea, akawaambia wanawake waliosindikiza, "Jamani, mmekuja kuzika? Pigeni vigelegele."

Vigelegele havikuwa kwenye ubao wa Dromoni. Wanawake wakatazamana. Muuza samaki alikuwa miongoni mwao, na Arkhipe, ambaye mumewe alikuwa amemwambia lazima aonekane. Wakapiga. Walikuwa hawajapaza sauti tangu sheria ilipopita, na vilitoka vikubwa, vya muda mrefu, hadi watu wa mitaa ya mbali wakatoka nje kutazama furaha ni ya nani.

Melino akavuta magoti pembeni ili njia ipatikane. Eufro akapita.

Mlango ulipofungwa, wasindikizaji walikwenda kula keki za ufuta uani kwa binamu. Filina hakwenda. Alivuka njia, akaketi kwenye mkeka, na akamkuta Melino anasema peke yake, kwa sauti ndogo, kama anayejifunza jambo jipya. Alikuwa amefika mahali panapotiwa jina la marehemu, na alikuwa analipima jina la Eufro, kama litatosha pale, kama livutwe au lifupishwe.

"Livute kidogo mwanzoni," alisema Filina. "Ni jina fupi."